Futi Ishirini kwa Saba

Ijumaa, 4 Aprili

Baba Afnan amenunua basi. Yeye anasema "tumenunua", lakini mimi sikuulizwa, kwa hiyo katika kitabu changu amenunua yeye.

Ni basi dogo lililokuwa la shule, rangi ya njano iliyochujuka, viti thelathini na vitatu. Viti vitang'olewa, kisha ndani kuwekwe kitanda, jiko na choo, liwe nyumba ya kutembea nayo. "Tutazunguka Kenya nzima," ananiambia, "nikuonyeshe kila mahali nilipopita bila wewe." Mume wangu ameendesha malori miaka thelathini na minne, Mombasa hadi Malaba na kurudi, akastaafu mwaka jana. Mimi miaka hiyo nilikuwa karani wa shule ya msingi, nikalea watoto wanne hapa Maringo katika chumba kimoja na pazia. Sasa goti la kushoto limeanza kunigomea ndipo anakumbuka kunitembeza.

Anataka tuondoke masika yakiisha. Ameniuliza kama nitakwenda naye. Nimemwambia, tutaona.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua. Kanga tatu hazijakauka.

Jumanne, 8 Aprili

Fundi amekuja kutuona. Kwa jinsi Baba Afnan alivyokuwa akisema "fundi, fundi", nilitarajia mwanamume. Kumbe ni mama wa miaka hamsini hivi, Nzilani, Mkamba, mtoto wa mchonga vinyago, penseli imechomekwa kwenye kilemba. Ana karakana Kariobangi. Kazi yake hasa ni vitanda na makabati ya nyumba za chumba kimoja, na sifa zake zimefika hata hapa kwetu. Inasemekana aliwahi kuwapanga watu saba katika chumba cha futi kumi kwa kumi, na bado mgeni akapata pa kuvulia viatu.

Baba Afnan akamwonyesha mchoro alioufanya nyuma ya kalenda. Kochi la watu sita, televisheni, friji ndefu, na kitanda kimekingama nyuma kabisa. Nilimuuliza ni wageni gani hao sita watakaotukuta Turkana.

Nzilani hakucheka. Aliutazama ule mchoro kwa heshima, akaukunja.

"Mzee, karatasi haina magoti," akasema. "Karatasi inakubali kila kitu."

Akatoa chaki mfukoni, akaenda kwenye sakafu ya saruji katikati ya uwanja wetu, pale tunapoanikia nguo, akachora basi zima kwa kipimo chake halisi. Futi ishirini kwa saba. Akachora mlango, vifuniko vya magurudumu vinavyotokeza ndani, usukani, na kila kitu cha kwenye kalenda mahali pake. Kisha akapangusa mikono.

"Sasa muishi hapo. Mama apike, mlale, mgombane. Mkishajua inawauma wapi, mnipigie."

Jumatano, 9 Aprili

Nimeishi ndani ya chaki kuanzia asubuhi. Jirani yangu Triza alikuja kuanua nguo, akasimama kwenye mstari wa mlango akapiga hodi. Nikamwambia karibu. Akaingia kwa adabu, akaketi kwenye kochi ambalo halipo.

"Aki Mama Afnan, hii nyumba yenu ya chaki inakaa poa kuliko yangu," akasema.

Akainuka, na hapo tukagundua kwamba akisimama yeye, mimi sipiti.

Alhamisi, 10 Aprili

Tumejaribu kulala. Saa nne ya asubuhi, jua limetoka kidogo, tumetandika mkeka kwenye kitanda cha chaki. Mimi upande wa dirisha, yeye upande wa njia, maana ndivyo tulivyolala maisha yetu yote. Kisha nikajifanya naamka kwa sala ya alfajiri. Ilinibidi nimvuke Baba Afnan kwa magoti mawili, na moja ndilo hilo bovu. Wanawake watatu waliokuwa bombani walishikilia ndoo zao wakicheka. Mwendesha bodaboda mmoja akapunguza mwendo pale langoni, akaita, "Niaje, buda! Hiyo mjengo imekosa ukuta!"

Baba Afnan amekubali kwamba kitanda cha kukingama hakifai. Kakubali kwa shingo upande, lakini kakubali.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua kubwa tangu jana jioni. Nyumba yote imefutika.

Jumamosi, 12 Aprili

Nzilani amechora ya pili. Kochi limekwenda na maji, halikurudi. Leo ilikuwa zamu ya jiko, na nimeona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa fundi yeyote. Aliniambia nilete kibao na nisukume chapati. Nikadhani atapima kibao. Hakukigusa. Alipima viwiko vyangu, vinafika wapi nikisukuma, vinafika wapi nikigeuka kuchukua unga. Akaniambia nikoroge uji, akapima tena. Akaniambia niiname kuokota kijiko, akapima umbali wa mgongo wangu hadi ukutani.

"Mama, friji si kitu, friji itaenda popote," akasema. "Wewe ndio huwezi kukatwa."

Karibu na mlango akaweka sinki, ili maji machafu yasitembezwe ndani. Moto akauweka mbali na vitanda. Friji ndefu akaigeuza kisanduku cha chini, kinachofunguka kwa juu, mfuniko wake ukawa pa kukatia mboga.

Nimekaa ofisini miaka ishirini na sita nikiwatazama watu wenye vyeti. Huyu mama hakupita darasa la nane, ameniambia mwenyewe bila haya, na leo nimejiona mwanafunzi.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Ya pili nayo imefutika. Mwanangu Afnan amepiga simu kutoka mtaa wa Umoja akiuliza kama ni kweli baba yake analala uwanjani.

Jumamosi, 19 Aprili

Ya tatu. Leo Baba Afnan alikuwa na jambo la dini, na mimi nikamuunga mkono. Choo kisielekee kibla, na pa kusalia paelekee kibla sawasawa. Nzilani aliinama akauliza, "Mzee, nionyeshe ni wapi." Baba Afnan akanyoosha mkono juu ya paa la Triza. Fundi akachora mshale mkubwa chini, akaandika MAKKA, kisha akaupangua mpango wote kuufuata mshale. Choo akakitoa nyuma akakileta katikati. Jiko likapoteza futi moja. Rafu yangu ya viungo ikaondoka. Sikulalamika, kwa ajili ya Mungu mtu anaweza kupika bila rafu.

Alifanya kazi ile mchana kutwa, yeye Mkristo, bila kuguna hata mara moja. Alikuwa anakosa ibada yao ya Jumamosi Kuu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Triza ametuletea pilau. Nimemwambia pilau ni yetu sisi, yeye alete mukimo wa kwao. Lakini ilikuwa tamu.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimecheka leo mpaka mbavu zinauma, na nacheka nikiandika.

Basi limeletwa uwanjani kwa mara ya kwanza, tupu, viti vimeng'olewa, ili tulinganishe na chaki. Matope yalikuwa mengi upande wa lango, kwa hiyo Baba Afnan mwenyewe akaliingiza kwa kulizungusha nyuma ya bomba, akaliegesha likiwa limeukingama mchoro. Tukapanda. Nzilani akaanza kutupeleka: hapa jiko, hapa vitanda, hapa pa kusalia, hapa choo. Alipofika chooni akasimama. Akachungulia dirishani, akatazama mshale wake kule chini, akatazama paa la Triza.

"Mama Afnan, samahani, niulize kitu ya dini yenu. Makka bado iko upande wa kina Triza?"

"Iko palepale," nikasema.

"Basi choo imegeuka."

Kisha Baba Afnan akavua kofia yake, akaketi kwenye ngazi ya basi, akacheka akijipiga paja. Mtu huyu amesali kando ya barabara miaka thelathini na minne, kila kituo anauliza kibla ni wapi. Na mimi niliyesoma, niliyekubali kupoteza rafu! Wiki nzima sote watatu tulikuwa tunalielekeza gari Makka. Tulilichora chini tukaliona nyumba, na nyumba haigeuki.

"Nitakuwa naliegesha kwa adabu," Baba Afnan akasema alipopata pumzi.

Nzilani hakuona haya wala hakutafuta wa kumlaumu. Alikuwa ameshafikiri mbele. Akasema, kama mnasali popote, basi msiwe na mahali pamoja pa kusalia, acheni katikati yote iwe wazi, mtu ageuke anakotaka.

Jumatano, 30 Aprili

Ya nne. Hii ndiyo. Vitanda viwili vyembamba, kila kimoja kimelala ubavuni mwa basi juu ya kifuniko cha gurudumu, chini yake makabati. Kati yake njia pana, wazi kutoka mbele hadi nyuma. Naamka upande wangu, naweka miguu chini, nimesimama. Choo kimerudi nyuma, kimejibana kona. Rafu yangu imerudi.

"Na huu ubao?" nikauliza, maana alikuwa amechora ubao wa kutelezesha kati ya vitanda viwili.

"Huo ni wa siku mkipatana," akasema Nzilani, penseli mdomoni, bila kutabasamu. Baba Afnan akajifanya anakagua tairi.

Nimetembea humo ndani mara nyingi leo. Sina pa kuukosoa. Mpango huu umenikumbusha chumba chetu cha zamani, jinsi tulivyokuwa tunakunja magodoro asubuhi ili watoto wapate pa kuandikia. Sisi watu wa huku Eastlands tumejua kazi hii siku zote, ila hakuna aliyetuambia kwamba ni elimu. Nimeanza, sitasema kutaka kwenda, lakini nimeanza kufikiria ni leso zipi za kuchukua.

Jumamosi, 3 Mei

Sitakwenda.

Nzilani alikuja kuhesabu uzito wa vitu kabla ya kuanza kukata mbao. Mbele kabisa, kushoto kwa dereva, tangu mchoro wa kwanza kabisa wa kalenda, pana kisanduku cha mraba. Nimekiona mara nne kikichorwa. Nilijua ni kiti changu, kitu gani kingine kikae hapo? Leo Nzilani akasimama juu yake akasema, "Mzee, hii tangi ya maji bado sijaielewa. Lita mia mbili, mbele, upande mmoja? Wewe ndio unajua mzigo kunishinda."

Nikasema, "Tangi gani? Hapo ni kiti."

Baba Afnan hakunitazama. Akasema hapo ni tangi.

"Na mimi nitakaa wapi gari likitembea?"

"Utajilaza kitandani. Upumzishe goti."

Nilimwambia yote, mbele ya fundi, mbele ya Triza na nguo zake. Kwamba nimemsubiri miaka thelathini na minne mlangoni mwa nyumba hii. Nimesubiri na homa za watoto, nimesubiri Idi sijui kama atafika kwa swala au kwa makombo. Kumbe alikuwa ananiandalia pahali pengine pa kusubiria, nyuma, na sufuria, nikitazama mgongo wake hadi Mombasa. Sijawahi kupaza sauti namna hiyo tangu nilipokuwa msichana. Yeye alisimama tu kwenye mchoro, mikono nyuma. Nzilani alikunja futi yake taratibu, akaondoka bila kuaga, na ninamshukuru kwa hilo.

Jumapili, 4 Mei

Mvua. Hatusemezani.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua. Nimempikia, nimemwekea mezani.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua. Uwanja umebaki maji matupu. Amenunua embe, ameliacha karibu na kitabu hiki. Nimelila. Hatusemezani.

Jumatatu, 12 Mei

Nzilani amekuja peke yake, Baba Afnan akiwa msikitini. Nilidhani amekuja kuuliza kama kazi imevunjika. Alikunywa chai yake yote kwanza.

"Mama, mimi nimefanyia wazee wengi," akasema. "Wengine hawajui kitu, wanataka tu. Huyu wako anajua. Aliniambia betri ikae wapi, gesi ikae wapi, mbao nzito zisipande juu, kila kitu sawa. Mtu kama huyo haweki maji pale. Kuna sababu, na si ya gari."

"Sababu gani?"

"Mimi sijui. Wewe ulimwambia utaenda?"

Nikamwambia, nilimwambia tutaona.

Akasema, "Mm." Aliosha kikombe chake mwenyewe, akaniambia goti nilikande na mafuta ya moto, akaenda zake. Namstahi sana mtu anayejua mahali pa kuacha nafasi.

Jumanne, 13 Mei

Baada ya alasiri mvua ilikatika. Nilimkuta uwanjani amekaa kwenye ngazi ya basi. Nikaketi kando yake, maana sikutaka kumsemesha uso kwa uso.

"Baba Afnan, lile tangi ni la nini?"

Akaanza kueleza, na nitaandika alivyosema kadiri ninavyokumbuka.

"Zamani tulikuwa na utingo. Walipoondolewa, nikabaki peke yangu. Miaka kumi na minane ya mwisho, Zaitun, ule upande wa kushoto ulikuwa mtupu. Unageuka kuangalia kioo, unakiona kile kiti. Unageuka tena, unakiona. Niliwahi kukiwekea begi ili kisiwe kitupu."

"Sasa mimi si nipo?"

"Hujasema utakuja. Umesema tutaona." Akavua kofia, akaigeuzageuza. "Mimi nakujua. Ukitaka kitu unasema ndiyo. Nikajiambia, akikataa nitakwenda mwenyewe, nimezoea. Lakini kukitazama kile kiti tena siwezi. Nikaona afadhali maji."

Niliona haya, na haya hiyo bado ninayo. Mwezi mzima nimemteta humu ndani kwamba hakunipa nafasi. Kumbe yeye alikuwa anapanga jinsi ya kuvumilia nisipokwenda, na mimi ndiye niliyempa sababu, kwa neno moja nililolisema kwa kiburi kwa kuwa sikuulizwa kabla ya kununua. Nampenda mzee huyu. Nimemwandikia mambo mengi ya kejeli katika kitabu hiki, basi na hilo liandikwe.

"Goti langu halipandi ngazi ndefu," nikamwambia. "Hicho kiti kiwekewe kikanyagio."

Alinitazama. Akauliza, "Kiwekewe?"

"Na kisiwe cha zile ngozi za plastiki. Zinachoma mapaja."

Akaenda kumpigia Nzilani simu, akatembea uwanja mzima akizungumza kwa sauti, mpaka Triza akatoka nje kuuliza kama kuna msiba.

Jumamosi, 24 Mei

Kariobangi, karakana ya Nzilani. Tangi limegawanywa mawili, nusu kila upande chini ya vitanda, karibu na ekseli ya nyuma, na Baba Afnan mwenyewe anasema hapo ndipo mzigo unapotakiwa. Kiti changu kimefungwa. Nzilani aliniketisha mara tano, akaondoa, akapandisha kidogo, akaniketisha tena, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa naona dashibodi badala ya barabara. Alipiga magoti kwenye vumbi la mbao kunitazama miguu inafikaje chini. Kuna milango ambayo mafundi wengine huifunga hivyo hivyo ikiwa inakaza, wanakwambia itazoea. Yeye hana kitu cha kuzoea. Kitu kinakaa sawa au kinatolewa.

Basi limepakwa rangi ya samawati. Afnan anasema linafanana na zahanati.

Jumamosi, 31 Mei

Manyunyu tu. Nimekausha kanga zote.

Ijumaa, 6 Juni

Idi. Amesali, amekula, yupo.

Jumanne, 10 Juni

Emali. Tumeondoka Maringo saa moja ya asubuhi. Nzilani alikuja kutuaga, akakagua makomeo yote, akavuta kila droo, kisha akashuka haraka haraka kama mtu anayekimbia asionekane akilia.

Sasa ni saa nne na nusu, na Baba Afnan hajanyamaza tangu tulipopita Mlolongo. Nyumbani ni mtu wa "ndiyo" na "sawa" na "chumvi". Huku barabarani ni mtu mwingine. Hapa ndipo alipopasukiwa na tairi mbili kwa pamoja. Hapa pana mama alikuwa anauza viazi, kila mara alimwekea kimoja kikubwa. Kona hii haiingiwi kwa gia ya tano. Kule, ule mlima wa buluu, ukiuona mweupe juu asubuhi ujue siku itakuwa njema. Anajua barabara nzima kama mtu ajuavyo ukoo wake. Ananitazama, anatazama mbele, ananitazama tena kuona kama nimesikia. Nimeolewa naye miaka thelathini na minane, na leo ndiyo kwanza ninamsikia akisimulia. Nimeona fahari kuketi hapa.

Amelisimamisha basi kando ya barabara anionyeshe kitu, hapo mbele, nyuma ya ule mti wa miba. Anasema lazima nishuke, hakionekani vizuri kutoka garini. Nimemwambia kwanza nimalize ukurasa wangu.

Amezima injini. Ameweka mikono juu ya usukani, ananisubiri.